Kinyama Kisitupwe



Leo tuzungumze habari za mgongo. Katika mji wetu huu wa Tunduma, hapa mpakani, mgongo ukiuma kila mtu ana sababu yake mkononi. Dereva atakwambia ni usukani, ameushika tangu Dar es Salaam. Kijana anayepakia mahindi atasema ni magunia. Mkulima wa kahawa wa Mbozi atasema ni jembe, na bibi yake atasema ni uzee, basi. Na wote mara nyingi wanasema kweli. Migongo mingi inayouma inauma kwa kazi, na mingi hutulia ndani ya wiki chache bila kipimo chochote kikubwa. Nalisema hili mapema ili asiwepo mtu wa kuzima redio na kwenda kulala akidhani ana kansa.

Ninaowazungumzia leo ni wachache. Ila uchache wao ndio unaowaponza, kwa sababu ugonjwa usioonekana mara kwa mara haumjii mtu akilini, awe mgonjwa au mganga.

Zipo kansa zinazoanzia kwenye nyama laini za mwili: kwenye misuli, mafuta, kano, mishipa ya damu, au kwenye vifuko vinavyofunika neva. Wataalamu wanaziita sakoma. Kwa watu wazima, katika kila kansa mia moja, sakoma za nyama laini ni kama moja hivi. Kwa watoto sehemu yao ni kubwa zaidi. Na hiyo moja nayo imegawanyika katika aina zaidi ya hamsini, kila aina na tabia zake. Daktari wa wilaya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuona baadhi yake hata mara moja.

Huanza kama uvimbe. Na uvimbe, jamani, nani hana? Uvimbe wa mafuta ule unaotelezateleza chini ya ngozi umejaa mitaani. Inakadiriwa kwamba kwa kila sakoma moja kuna vivimbe visivyo na madhara kama mia. Kwa hiyo anayekwambia "hayo ni mafuta tu" anacheza kamari ambayo mara nyingi atashinda. Shida ni ile mara moja atakayoshindwa, maana atakayelipa si yeye.

Wenye kuijua kazi hii wanatazama mambo machache. Uvimbe umepita sentimita 5? Unaendelea kukua? Uko ndani, chini ya utando wa misuli, hausogei ukiusukuma? Unauma? Uliwahi kukatwa ukarudi palepale? Likijibiwa ndiyo hata moja tu, hapo hakuna kukisia tena. Na msikilizaji, usitishike na maumivu ukasahau mengine. Sakoma nyingi haziumi mwanzoni, na hiyo ndiyo inayowafanya watu wakae nazo mwaka mzima.

Sakoma ikitoka ilikoanzia, safari yake ya kawaida ni mapafuni, inakwenda na damu. Ndiyo maana mgonjwa wa sakoma hupigwa picha ya kifua. Lakini kuna aina moja inayoota kwenye seli za mafuta, hasa pajani, kwa watu wa miaka thelathini hadi hamsini na kitu. Inaitwa liposakoma ya miksoidi. Hii hupenda kwenda penginepo kabla hata ya mapafu: kwenye mafuta ya nyuma ya tumbo, kwenye nyama za mbali, na kwenye pingili za mgongo. Zipo nyingine zinazofika huko pia, ikiwemo ile ya misuli inayowapata watoto. Lakini hii ya mafuta ndiyo iliyonifanya nikae mbele ya kipaza sauti leo, kwa sababu inaanza kwa sura ileile ya uvimbe tunaoupuuza.

Tuseme yupo mama wa miaka arobaini na miwili, anauza mchele wa Kamsamba. Simtaji mtu, nawapa mfano. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na uvimbe pajani, mkubwa kama limau, hauumi. Akaenda mahali, akachomwa ganzi, ukakatwa, akashonwa, akaambiwa ni mafuta. Siku ya saba nyuzi zikatolewa. Akasahau.

Sasa mgongo unamwuma, juu kidogo ya kiuno, na unazidi usiku. Mchana akihangaika na wateja anajisahau, akilala unamwamsha. Anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki. Inasaidia siku tatu. Anakwenda zahanati, na mnalijua jibu la kwanza mwanamke akisema mgongo na kiuno vinauma: ni UTI. Anamaliza dozi. Anaambiwa sasa ni taifodi. Anamaliza dozi hiyo nayo. Mtu anampeleka kwa fundi wa kuchua. Mwezi wa nne miguu inaanza kuwa mizito.

Hatimaye anafika hospitali, na kijana aliyevaa koti jeupe anamwuliza vizuri kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Umewahi kufanyiwa operesheni yoyote?"

"Hapana. Ni ile ya uzazi tu."

Hajadanganya. Kwake yeye kile cha pajani hakikuwa operesheni. Operesheni ni kulazwa, kuvuliwa nguo, kusukumwa kwenye kitanda chenye magurudumu, ndugu wakisali nje. Kile kilikuwa kukatwa kauvimbe, akarudi sokoni siku ya pili. Swali limeulizwa, jibu limetolewa, na uzi uliounganisha paja na mgongo umekatikia hapo, katikati ya watu wawili waaminifu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa waganga wetu, na linahitaji sekunde kumi tu. Mbele ya mgongo usioeleweka, muulizeni mgonjwa hivi: "Umewahi kukatwa au kunyofolewa uvimbe wowote, popote mwilini, hata mdogo, hata zamani?" Kisha mwangalieni kovu. Na kwako msikilizaji, usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe.

Tukiendelea na mama yetu, anapigwa eksirei. Pingili moja imebonyea. Hapa kwetu, katika nchi yenye kifua kikuu kingi na mkoa wenye barabara kuu ya malori, pingili iliyobonyea ina jina la haraka: TB ya mgongo. Wala si jina la kijinga. Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na mpaka leo ndio unaopinda migongo ya Waafrika wengi. Daktari anayewaza TB kwanza amefundishwa vizuri.

Ila kuna tofauti ambayo jicho lililozoea huitafuta. TB hupenda kula pingili mbili zinazopakana pamoja na ile sahani laini iliyo kati yake. Kansa kwa kawaida huila pingili yenyewe, huanza mara nyingi upande wake wa nyuma, na sahani huiacha. Hii ni dalili, si hukumu, na huwakosesha hata mabingwa. Kinachoumiza ni pale mtu anapoanzishiwa dawa za TB ya mfupa, ambazo zinaweza kuchukua hadi miezi 12, bila sampuli yoyote kutoka mgongoni, na miezi miwili ikapita anazidi kudhoofu huku kila mtu akisema "endelea na dozi". Dozi isiyosaidia ni habari pia, na isomwe kama habari.

Na eksirei yenyewe tusiipe sifa isiyo yake. Pingili inayoliwa na kansa ni kama nguzo ya nyumba iliyoingiwa na mchwa: kwa nje imesimama, rangi yake ileile. Inatakiwa karibu nusu ya mfupa iwe imekwisha kuliwa ndipo eksirei ya kawaida ionyeshe. Kwa hiyo "picha iko safi" na mgonjwa bado analia usiku ni mambo mawili yanayoweza kuwa kweli pamoja. CT scan huona mapema zaidi. MRI ndiyo inayoona ubongo wa mfupa, na ndiyo inayoonyesha kama ule ugwe wa neva uliopita ndani ya mgongo umeanza kubanwa. Kwa liposakoma ile niliyoitaja, hata CT na kipimo cha mifupa cha nyuklia hupitwa, ndiyo maana wataalamu wake huomba MRI ya mgongo wote, si ya pale panapouma tu.

Mtu atauliza, uvimbe ulikuwa pajani, umeruka vipi mpaka mgongoni? Mwaka 1940 Mmarekani Oscar Batson, mtaalamu wa maumbile ya mwili, alionyesha kwamba mishipa ya damu inayozunguka pingili haina vile vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma. Ukikohoa, ukijikamua, ukinyanyua gunia, damu ya nyongani, tumboni na kifuani inaweza kusukumwa kuelekea mgongoni. Kansa ya tezi dume na ya titi, ambazo ni nyingi kuliko sakoma, hupita njia hiyohiyo. Kwa hiyo baba wa miaka sitini na tano mwenye maumivu mapya ya mgongo na mkojo wa kusitasita naye hana haki ya kuambiwa ni uzee.

Lakini picha zote hizi, hata ile ya gharama kubwa, zinasema mahali tu. Hazisemi jina. Jina linatoka kwenye kile ambacho sisi wote tunakiita kinyama. Kinachukuliwa kwa sindano nene au kwa kisu, kinatiwa dawa, kinapelekwa maabara, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinapakwa rangi, na mwanapatholojia anakitazama kwa hadubini. Bila hapo, kila mmoja anabahatisha.

Nitawapa kisa cha hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza kuhusu uvimbe unaoharibu taya za watoto wa Kiafrika. Katika kichwa cha makala yake aliuita sakoma. Alikuwa mtu makini, aliwaona watoto kwa macho yake, alipiga picha, aliandika kila kitu. Lakini Gregory O'Conor na J. N. P. Davies, wanapatholojia waliokuwa Kampala wakati uleule, walipovikusanya vinyama na kuvitazama, wakaona si sakoma. Ni limfoma, kansa ya chembe za kinga za mwili. Jina lilipobadilika, matibabu yakabadilika. Uvimbe ambao kisu kilikuwa kimeushindwa ukayeyuka kwa dawa za sindano, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.

Burkitt hakuishia hapo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakaendesha maili 10,000 kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakapita Tanganyika, wakisimama hospitali kwa hospitali na kuonyesha picha: je, hapa mnaona watoto wa namna hii? Wakati huo lami ya kuja Tunduma ilikuwa ndoto. Nawaza jinsi walivyokula vumbi.

Na nimemtaja kwa sababu nyingine. Ugonjwa huo unaoitwa kwa jina lake hushika mgongo pia. Mtoto aliyekuwa akikimbia mpira anaacha kutembea ndani ya siku chache tu. Akiwahiwa, dawa zinaweza kumrudishia miguu. Akipelekwa kwanza kutolewa mapepo, hazitaweza.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi. Vinyama vingi vinatupwa. Uvimbe unakatwa, unawekwa kwenye kisahani cha chuma, watu wanautazama, mmoja anasema "mafuta haya", na unaingia kwenye ndoo ya taka. Mahali pengine unatiwa kwenye kichupa chenye maji ya bomba au spiriti, unakaa dirishani wiki mbili ukingoja mtu wa kwenda Mbeya, na ukifika umeharibika. Dawa yake ni fomalini, iliyochanganywa kiwango chake, nyingi mara kumi ya kinyama chenyewe, kwenye chombo chenye mdomo mpana, kimeandikwa jina la mgonjwa, tarehe na mahali ulipokatwa. Si teknolojia ya mwezini hiyo. Na mara nyingi anayekabidhiwa kichupa ni ndugu wa mgonjwa, anakipakata kwenye basi. Basi ajue amebeba nini. Akikisahau kwenye kiti, hakuna kingine cha kuchukua. Kilichobaki ni kovu.

Kwa mgonjwa mwenye dalili nilizozitaja, hata kuukata uvimbe wote haraka si wema. Kinyama kidogo kichukuliwe kwanza, na ikiwezekana kichukuliwe na yule atakayefanya operesheni kubwa au kwa maelekezo yake, kwa sababu njia ya sindano nayo itabidi iondolewe baadaye. Na kikichukuliwa mgongoni, kigawanywe: kipande kwa mwanapatholojia, kipande kwa vipimo vya TB, ikiwemo mashine ya GeneXpert tuliyonayo kwa ajili ya makohozi. Kuna watu wamekutwa na vyote viwili, TB na kansa, na waliotafuta kimoja walipata kimoja.

Ndiyo, najua mnachosema huko mliko. Hela. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, una watu zaidi ya milioni 1.3. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Vwawa. Katika mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3 uliotangazwa mwaka 2021, zilitengwa fedha za kununulia hospitali za rufaa za mikoa mashine za CT scan, jambo ambalo miaka kumi nyuma tungelicheka. Ngazi inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, mwendo wa kama kilomita 100 kutoka hapa mpakani. Upasuaji mkubwa wa mgongo ni taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili. Mionzi ni Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Na ile bima ya CHF iliyoboreshwa, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikuwa ikiishia hospitali ya mkoa, yaani ilikuacha palepale ambapo ugonjwa wa namna hii unaanza kudai fedha. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kipimo changu cha sheria hiyo kitakuwa kidogo sana: je, majibu ya kinyama cha mama wa Kamsamba yatalipiwa? Kama hayatalipiwa, kitaendelea kutupwa, maana hakuna daktari atakayemlazimisha maskini alipe kipimo cha kitu anachoamini ni mafuta.

Upande wa pili wa hela ni huu. Diklofenaki za miezi minne, dozi za UTI na taifodi ambazo hazikuwepo, nauli za kwenda kuchuliwa, hizo nazo ni fedha. Tunazilipa kidogokidogo ndiyo maana hatuzihesabu.

Neno kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ile Kaposi, madoa ya zambarau au meusi miguuni na mdomoni, nayo imo katika ukoo huu wa kansa za nyama laini. Ililetwa vitabuni na Moritz Kaposi mwaka 1872, na kirusi kinachoisababisha kiligunduliwa mwaka 1994. Mgongoni huenda kwa nadra. Lakini ukiyaona madoa hayo, yaonyeshe kliniki siku ileile ya kuchukua dawa, usiyafunike kwa soksi.

Na sasa tega sikio, hata kama mengine yote yamekupita. Mgongo ukiuma na miguu ikaanza kuwa mizito au kukosa nguvu. Ukipata ganzi sehemu zile unazokalia. Mkojo ukakataa kutoka au ukatoka bila kukuaga. Hapo hakuna kesho. Ugwe wa neva unabanwa. Anayefika hospitali akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Anayefika amebebwa, nafasi hiyo imepungua sana, hata apewe matibabu gani. Hospitali wanaweza kumwanzishia deksamethasoni kupunguza uvimbe huku rufaa ikiandaliwa. Usiku huohuo, si baada ya mnada, si baada ya mazishi ya shangazi.

Wenzangu wa mpakani tuna tatizo jingine la pekee. Leo mtu anatibiwa Tunduma, mwezi ujao Nakonde ng'ambo ya mpaka, kesho kutwa Mbeya, na daftari lake la matibabu limebaki kwa dada. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe mwaka 2019, lori linavuka na karatasi zake zote mara moja. Mgonjwa anavuka mikono mitupu. Lipige picha daftari lako kwa simu, piga picha majibu, beba zile filamu za eksirei badala ya kuzichomeka darini.

Namalizia na ombi. Wewe uliyekatwa uvimbe miaka hii ya karibuni na hukupewa karatasi ya majibu, rudi ulikokatiwa uulize kwa adabu: kinyama changu kilipelekwa wapi, na kilisema nini? Wakikwambia kilitupwa, mweleze hivyo daktari yeyote atakayekutibu kuanzia leo, na kovu umwonyeshe. Na wewe unayepangiwa kukatwa wiki hii, uliza kabla ya ganzi kama fomalini ipo. Kama haipo, na uvimbe wako umepita sentimita 5 au unakua, omba rufaa ya kwenda Vwawa.